Kila Kitu na Chombo Chake: Somo Kuhusu Sumu Zilizomo Nyumbani Mwetu

Mkaazi mwenzangu, kabla ya kuendelea kusoma, inuka kwanza upitie jikoni, bafuni na chini ya kitanda. Tafuta kila chupa, mkebe au mtungi ambao ndani mna kitu tofauti na kilichoandikwa nje. Mimi ni afisa wa afya ya umma, na nilipofanya hivyo nyumbani kwangu mwezi uliopita nilipata vyombo vitatu: mafuta taa katika chupa ya maji, thina iliyoachwa na fundi wa rangi katika chupa ya sharubati, na unga mweupe katika mkebe wa kakao. Hakuna mtu nyumbani aliyejua unga huo ni wa nini. Tulikuwa tumeutunza kwa miaka miwili.

Sumu nyingi zinazotudhuru nyumbani tunazinunua wenyewe dukani, tena kwa kazi ya maana. Taabu huanza tunapozitoa katika chombo chake na kuzitia katika kingine, au tunapozipa kazi ambayo hazikutengenezewa.

Chupa ya soda

Uzito wa jambo hili niliuona miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini katika zahanati moja ya mashambani. Asubuhi moja aliingia bibi amembeba mjukuu wake wa miaka miwili na nusu. Mtoto alikuwa anakohoa bila kupumzika, na mdomo wake unanuka mafuta taa.

"Daktari, niligeuka kidogo tu kuchochea moto," alisema, akiniita daktari ingawa sikuwa. "Aliiona chupa ya soda, akadhani ni soda. Lakini nimeshamtapisha, na maziwa nimempa."

Bibi yule alifanya alichofundishwa na mamake, na wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini kutapisha ndiko kulikozidisha madhara. Mafuta taa yakikaa tumboni huwa na madhara machache kuliko yakiingia mapafuni. Ni mepesi, yanateleza na kusambaa upesi. Mtoto akitapishwa, yanapita kooni mara ya pili, na kiasi kidogo tu kikikosea njia kinatosha kuyachoma mapafu. Mtoto yule alipelekwa hospitalini, akalazwa siku sita akipewa oksijeni, akapona. Si wote wanaopona.

Mtoto wa umri huo hasomi lebo. Anachojua ni kwamba chupa ya umbo lile ina kitu kitamu. Mafuta taa yakae katika chombo kisichofanana na chochote cha kunywea, chenye kifuniko cha kukaza, mahali pa juu asipofika hata akipanda kiti. Ukinunua ya kupima kwa muuzaji wa rejareja, nenda na chombo hicho hicho kila siku. Chupa ya soda usiiazime hata kwa usiku mmoja.

Mtungi wa maji

Kosa hili pia lina upande wa pili, ambao sisi tunaoishi kwa maji ya mitungi tunaujua vizuri. Mtungi wa lita 20 unapouzwa sokoni kwa bei nafuu, jiulize ulibeba nini kabla haujakufikia. Iliyobeba mafuta ya kupikia haina tabu. Lakini imo iliyobeba dawa za mashambani, asidi, dawa za viwandani au sabuni kali. Ndoo za rangi nazo tumezigeuza za kuwekea maji ya kunywa, na wengine wanatilia unga.

Plastiki hunyonya sehemu ya kemikali iliyokaa ndani yake, kisha huiachilia polepole katika maji. Kuosha kwa sabuni na mchanga hakuitoi yote. Na hapa wengi hukosea: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi kemikali. Maji yakipungua kwa mvuke, kemikali iliyobaki huwa kali zaidi. Dawa ya kutibu maji nayo ni ya vijidudu, haifanyi kazi hapa.

Chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu au magugu hakina kazi nyingine tena nyumbani. Kisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyarudishe kwenye bomba la kunyunyizia uyamalizie shambani, kisha ukitoboe matundu ili mtu mwingine asikiokote. Najua mtungi ni pesa, na kuutoboa kunauma. Hata hivyo utoboe.

Dawa ya kunguni

Yupo muuzaji anayepita mtaani na chupa ndogo zisizo na lebo, akinadi kwamba dawa yake ni kiboko ya kunguni. Mara nyingi kilichomo ni dawa ya shambani au ya kupe wa ng'ombe iliyotiwa maji. Mnyunyizo wa shambani hukauka juani na kupeperushwa na upepo. Ukiutia kwenye godoro ndani ya chumba chenye dirisha moja, familia inaulalia na kuuvuta usiku kucha. Dalili zake ni kutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho kuwa ndogo, kutapika, kuharisha na kupumua kwa shida. Mtu akizionyesha baada ya chumba kunyunyiziwa, usingoje kupambazuke.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka ni hatari kuliko hata hiyo. Vikigusana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua wadudu, na gesi hiyo huua watu vilevile. Hupenya katika nyufa na chini ya mlango. Gunia la mahindi lililotiwa vidonge hivyo halilali chumba kimoja na watu.

Dawa halali ya wadudu huwa na lebo iliyobandikwa na kiwanda, ikionyesha nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayodhibiti dawa za wadudu nchini. Pasipo nambari hiyo, usinunue. Kwa kunguni, anza na maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda, jua kali kwenye godoro, na kuziba nyufa za ukuta. Ni kazi ya kurudia wiki kadhaa, na inachosha, lakini haimlazi mtoto hospitalini.

Kuchanganya ili iwe kali

Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki, husafisha vizuri ikiwa peke yake. Dawa ya choo yenye asidi pia husafisha vizuri peke yake. Ukizimimina pamoja, hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha vitani mwaka 1915. Choo chetu ni kidogo na mlango tumeufunga, basi anayesugua anavuta yote. Siki na ndimu nazo ni asidi. Usizichanganye na jiki. Sabuni au dawa yenye amonia nayo usiichanganye nayo, kwani hutoa gesi nyingine yenye madhara. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, toka nje mara moja, uache mlango wazi. Usirudi kumwaga kitu kingine juu yake.

Risasi, sumu isiyo na harufu

Mpaka hapa tumezungumza kuhusu vitu ambavyo angalau vinanuka. Risasi, yale madini mazito ya betri za gari, haina harufu, haiwashi, na haimwangushi mtu siku hiyo hiyo. Huingia kidogo kidogo, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu mwili wake hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hupunguza damu, na huharibu ubongo unaokua. Mzazi anaona mtoto hashiki masomo, anamlaumu kwa uvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 kando ya nyumba za watu. Moshi na maji yake vilieneza risasi mtaani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupatikana na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliagiza wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Desemba 2024 iliwapa wakaazi haki. Ilichukua muda huo wote, na risasi iliyoingia katika ubongo wa mtoto hairudi nyuma kwa hukumu.

Kiwanda ni jambo kubwa. Lakini risasi ile ile tunaweza kuileta nyumbani wenyewe. Anayevunja betri kuukuu uani ili auze vyuma anaacha vumbi lake pale watoto wanapochezea. Anayefanya kazi hiyo gereji anarudi nalo kwenye nguo. Abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe kando.

Rangi ya nyumba nayo. Rangi za mafuta zenye mng'ao, hasa manjano, nyekundu na kijani kibichi, ndizo zilizokuwa zikitiwa risasi zaidi. Kiwango kinachoruhusiwa nchini sasa ni sehemu 90 katika sehemu milioni moja, lakini mlango uliopakwa zamani bado una rangi ya zamani. Fundi akija kupaka upya, usimwache apige msasa mkavu. Alowanishe kwanza, watoto wakae kwa jirani, na maganda yafagiliwe yakiwa na maji. Uliza pia kuhusu kitanda cha mtoto na mabembea ya chekechea.

Kisha sufuria. Sufuria nzito za kumimina, zinazotengenezwa kwa vyuma kuukuu vilivyoyeyushwa pamoja, zinaweza kuwa na risasi kutegemea kilichotupwa kwenye tanuri siku ile. Uchunguzi wa vyombo kutoka nchi kadhaa zinazoendelea, Kenya ikiwemo, ulikuta baadhi vikiachilia risasi katika chakula. Vyakula vichachu huitoa zaidi: ukwaju, nyanya, ndimu. Siwaambii mtupe sufuria zote. Mafundi wa jua kali ni ndugu zetu na wana familia. Ila mchuzi wa ukwaju upike katika chungu cha udongo kisichopakwa rangi au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, na usilaze chakula kichachu ndani ya sufuria ya kumimina mpaka asubuhi. Mtoto anayepata chakula chenye chuma na kalsiamu, kama dagaa na mboga za majani, hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa.

Krimu na vidonge vyeupe

Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi haraka mara nyingi huwa na zebaki. Sheria hairuhusu zebaki wala haidrokwinoni katika vipodozi vinavyouzwa nchini, lakini bado zinapatikana kwenye vibanda, nyingine zikiwa mkorogo usio na jina. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Tena haimwachi anayejipaka peke yake. Hubaki kwenye taulo, mto na mikono, na mtoto anayenyonya anaipata. Sipo hapa kumhukumu mtu kwa rangi anayoitaka. Nasema tu kwamba kama krimu haitaji viungo vyake, au inasema usiguse dhahabu na fedha ukiwa umejipaka, ina zebaki au muuzaji hataki ujue.

Unaweza kujikagulia bidhaa kabla ya kulipa. Chini ya alama ya ubora ya KEBS kuna nambari. Tuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, kwa 20023. Jibu litaonyesha jina la bidhaa na aliyeitengeneza. Yasipolingana na unachoshika mkononi, rudisha.

Neno moja kwa wanaojiandaa kujifungua. Vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende kwenye kabati, visiwekwe kati ya nguo za mtoto mchanga. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayopatikana zaidi sehemu zenye malaria kama Pwani yetu. Mvuke wa vidonge hivyo unaweza kuzivunja chembe hizo, mtoto akawa manjano na damu ikaisha. Nguo za kurithi kutoka kwa dada mkubwa zifue na kuzianika juani siku mbili kabla hazijamgusa.

Jambo likitokea

Usimtapishe aliyekunywa. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Iliyomwagikia ngozi, vua nguo na uoshe kwa maji mengi. Iliyoingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Aliyezimia mlaze ubavu. Kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe chombo chenyewe, hata kama kimebaki tupu, kwa sababu daktari hutibu kulingana na kilichomo. Na kama dawa ilikuwa katika chupa ya soda, sema hivyo bila aibu, utaje na ulikoinunua, ili mtu atumwe huko kuuliza ni kitu gani wakati mgonjwa anashughulikiwa.