Ukiulizwa kama una mzio wa penisilini

Kliniki yoyote utakayoingia hapa Agincourt, utaulizwa kabla hujakaa vizuri: una mzio wa dawa, hasa penisilini? Wengi ninaowasindikiza hujibu "ndiyo" au "hapana" ili mambo yaishe. Neno hilo moja huandikwa kwenye faili lako na kukaa humo miaka mingi.

Tuanze na vijidudu. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Daktari akikurudisha nyumbani bila dawa, hajakudharau. Antibiotiki ni ya bakteria, nao wako wa aina nyingi. Mwaka 1884 daktari Mdenmark, Hans Christian Gram, aliwatia rangi akawagawa makundi mawili: wenye ukuta mnene hubaki zambarau, na wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje hupoteza rangi hiyo. Maabara bado hutumia njia yake. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928, huharibu ukuta huo. Seli zetu hazina ukuta, ndiyo maana haituui sisi. Streptokoki wa koo hufa kwa penisilini mpaka leo. Lakini E. koli, anayeleta maambukizi mengi ya njia ya mkojo, hukingwa na ule utando dhidi ya penisilini ya kawaida. Kwa hiyo kapsuli alizobakiza jirani yako huenda zisikufae kabisa.

Sasa mzio wenyewe. Amoksilini, ampisilini na kloksasilini ni ukoo mmoja na penisilini. Hata Ampiclox tuliyozoea kununua dukani bila cheti imo. Septrin haimo. Basi taja ni dawa gani.

Dalili za mzio wa hatari ni vipele vya kuwasha vinavyotokea upesi, midomo au uso kuvimba, pumzi kubana, kuzirai. Pumzi ikibana au ukizirai baada ya dawa, pigeni 911. Kuharisha na kichefuchefu ni madhara ya kawaida, si mzio. Mtoto mwenye virusi pia hutoka vipele, na amoksilini ikasingiziwa.

Hilo lilinipata mimi. Mama aliambiwa nisipewe tena, nami nikaishi na katazo hilo hadi nilipopimwa nikiwa mtu mzima hapa Toronto. Sikuwa na mzio. Katika kila watu 10 walioandikwa hivyo, 9 au zaidi wakipimwa hukutwa wanaweza kuitumia. Hata waliokuwa na mzio wa kweli, wengi huupoteza baada ya miaka 10.

Dada mjamzito, wewe sikiliza zaidi. Ukikutwa na kaswende, penisilini ndiyo tiba pekee inayopendekezwa kumlinda mtoto tumboni.

Kwa hiyo, kabla ya miadi, andika kwenye karatasi: jina la dawa, ulikuwa na umri gani, nini kilitokea, baada ya muda gani, na kama ulilazwa. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Kisha mwombe daktari wako akupe rufaa kwa mtaalamu wa mzio. Usijipime nyumbani, hata kwa nusu kidonge. Mkalimani naye aombwe siku unapopanga miadi, maana ukisubiri siku yenyewe mara nyingi hapatikani.