Vifaranga wa Samaki Wanahitaji Kula Nini?

Wengi wenu mmeuliza kwa nini vifaranga wa perege hukaa bwawani miezi mitatu na bado ni wadogo kama kidole, ingawa pumba wanatupiwa kila siku.

Jibu liko ndani ya pumba yenyewe. Samaki mchanga anajenga nyama, na nyama hujengwa kwa protini. Kifaranga wa perege ambaye hajafika gramu 1 anahitaji chakula chenye protini karibu sehemu 40 katika 100. Akifikia ukubwa wa kiganja, 25 hadi 30 zinamtosha. Pumba ya mahindi ina kama 10 tu. Ni sawa na mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa ugali mtupu: tumbo linajaa, mwili haukui.

Dagaa wakavu wana protini kama 60. Ukichanganya kilo 1 ya dagaa waliotwangwa na kilo 1 ya pumba, unapata chakula chenye kama 35. Lakini hapa tusikilizane vizuri. Dagaa na maharage ya watoto yasiende bwawani, wala uji wa lishe unaotolewa kliniki. Anayempunguzia mtoto wake ili alishe samaki amekosea hesabu. Tafuteni sokoni vichwa na vumbi la dagaa linalobaki chini ya magunia. Bei yake ni ndogo. Pepeteni mchanga kwanza. Mashudu ya karanga, kumbikumbi, na damu iliyochemshwa ikakaushwa pia ni nzuri. Soya lazima ikaangwe, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia protini isisagike tumboni.

Tena kuna chakula cha bure: maji ya kijani. Wekeni samadi kwenye kona ya bwawa. Mimea midogo na vijidudu vitaota, na vifaranga watakula mchana kutwa. Kupima, zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikionekana bado, ongeza samadi. Kikipotea mapema, acha kwanza.

Unga uwe laini, na muwalishe mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Chakula kinachobaki huoza na kumaliza hewa ya majini. Ukiwakuta alfajiri wamekuja juu wanahema, usiwalishe siku hiyo, na uingize maji mapya mara moja.