MASHINE IKIPATA KISHINDO, TUSIKIMBILIE KUNUNUA



Katika somo hili tutajifunza kurudisha mashine ya kusaga unga katika mstari wake baada ya kugongwa. Tuanze na yale tuliyoyaona.

Karibu na Isinya, kando ya barabara ya Namanga, kikundi kimoja cha akina mama kina mashine ya posho inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Siku moja bolti iliingia pamoja na mahindi. Ikasikika pwaa! Injini ikatikisika, mkanda ukaruka. Kijana anayesimamia mashine akaurudisha mkanda, akaendelea kusaga. Basi, muda si mrefu mikanda miwili mipya ikaisha, na beringi ikawa moto wa kuunguza mkono.

Mkutanoni mambo yakawa moto pia. Wengine walisema kijana anaharibu kwa makusudi, afukuzwe. Wengine wakasema tuchange, tununue injini nyingine. Lakini hakuna aliyekuwa amepima! Tulipovuta uzi, tukakuta puli ya injini imetoka nje ya mstari kwa unene wa kidole. Injini ilikuwa nzima. Ilikuwa imesogea tu.

Hata viwandani ni hivyo. Kiwanda cha Numerical Machining Complex cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1994 baada ya mradi wa gari la Nyayo, kikiwa na mashine za kukereza chuma zinazoongozwa na kompyuta. Katika mashine za aina hiyo, kichwa kinachoshika visu kikigonga chuma huweza kupinda kidogo kutoka mstari wake. Fundi hakitupi. Hupima, hulegeza bolti, hukigonga polepole kirudi, hukaza, kisha hupima tena. Nasi tufuate njia hiyo hiyo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zima injini na ufunge dizeli. Ondoa mikanda yote. Mtu yeyote asiingize mkono ndani ya kinu kabla mikanda haijatoka.

2. Fungua kinu. Toa chuma kilichoingia. Angalia chekeche kama limetoboka na nyundo kama zimevunjika. Nyundo moja ikivunjika, badilisha pia ile inayoikabili, ama sivyo kinu kitatetemeka.

3. Pima shafti. Funga waya mgumu kwenye fremu, ncha yake ikaribie shafti bila kuigusa. Zungusha kwa mkono. Nafasi ile ikipanuka na kupungua, shafti imepinda. Hiyo ni kazi ya fundi wa kukereza. Msiendelee.

4. Vuta uzi. Shafti ikiwa nzima, kaza uzi kupitia uso wa puli zote mbili. Kama kingo za puli zina unene sawa, uzi uguse mahali 4: pande mbili za puli ya kinu na pande mbili za puli ya injini. Mahali pasipogusa ndipo penye kasoro.

5. Sogeza injini, kinu kikae palepale. Legeza bolti zake 4 bila kuzitoa. Gonga kwa kipande cha mbao, kidogo kidogo. Mguu mmoja ukielea, weka kipande cha bati chini yake. Usiulazimishe kwa spana.

6. Rudisha mikanda na uikaze kwa kusogeza injini. Puli zikiwa zimeachana mita 1, ukibonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba ushuke kama milimita 16. Mikanda ikiwa zaidi ya mmoja, badilisheni yote pamoja.

7. Kaza bolti kwa kukingama, kila moja kidogo kidogo. Kisha vuta uzi tena! Kukaza kwenyewe husogeza injini. Wengi huharibu kazi hapa.

8. Rudisha kinga ya mikanda. Washa bila mahindi kwa dakika 10. Zima, gusa beringi, kaza tena bolti. Ndipo msage debe moja la kwanza. Kesho yake pimeni tena.

TUSIRUDIE KOSA

Pepeteni mahindi kabla ya kuyamwaga, na wekeni sumaku penye mdomo wa kinu. Pia tuangalie msingi. Udongo wetu mweusi hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na saruji iliyomwagwa juu yake hupasuka nao. Chimbeni mpaka udongo mweusi uishe, jazeni murram na kuishindilia, ndipo mmwage saruji. Maji ya paa yaelekezwe mbali.

Wekeni daftari karibu na mashine. Kila kishindo kiandikwe siku ile ile. Kijana yule alinyamaza kwa sababu aliogopa kukatwa mshahara, na kunyamaza kwake kukagharimu kikundi mikanda miwili na karibu injini nzima. Anayesema ukweli mapema asiadhibiwe. Kijana huyo bado anasaga, na sasa ndiye anayeshika uzi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mashine yetu ilipimwa kwa uzi lini mara ya mwisho?
2. Ikipata kishindo kesho, msimamizi atamwambia nani? Ataogopa?
3. Msingi wetu umesimama juu ya udongo gani?