Pesa za Wakfu na Kura ya Mwananchi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya yanawahusu wote wanaofadhili elimu ya uraia nchini Kenya, pamoja na mashirika yanayopokea ruzuku zao. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Anayepanga kufungua mfuko mwaka huo huo tayari amechelewa.

FANYA: Toa fedha miaka isiyo na kampeni. Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti kwenye bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Hapo ndipo uraia unapofunzwa. Gharimia muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Gharimia mtu wa kuueleza kwenye baraza la chifu, mstari kwa mstari, mpaka mama aliyekaa nyuma aulize zahanati ya wadi yake imetengewa shilingi ngapi. Akijibiwa, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kupanga foleni siku ya kura.

FANYA: Anza na kitambulisho. Mwaka 2022 daftari lilikuwa na wapigakura milioni 22.1. Wenye umri wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017. Msikimbilie kuwaita vijana wavivu. Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti hakuna kujiandikisha, na kwa miaka mingi vijana wa Kisomali na wa Kinubi walipitishwa kwenye kamati za kuwachuja ambazo wenzao wa maeneo mengine hawakuzijua. Lipeni wasaidizi wa kisheria wafuatane nao hadi ofisini. Kumpa kijana asiye na kitambulisho kijitabu cha kumhimiza apige kura ni kumdhulumu mara ya pili.

USIFANYE: Usimguse mgombea, hata kwa mbali. Mwaka 1967 Wakfu wa Ford, ambao una ofisi Nairobi hadi leo, ulitoa dola 175,000 kwa tawi la CORE, shirika la kutetea haki za Wamarekani Weusi, mjini Cleveland, Marekani, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kuandikisha wapigakura Weusi. Novemba mwaka huo Carl Stokes akachaguliwa kuwa meya, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuongoza jiji kubwa kiasi hicho. Kazi ilikuwa ya haki, lakini wanasiasa waliona mkono wa tajiri ndani ya sanduku la kura. Sheria ya kodi ya 1969 ikabana: ruzuku mahususi ya kuandikisha wapigakura ipewe tu shirika lisiloegemea chama, linalofanya kazi katika majimbo matano au zaidi, na lisilofungwa na msimu mmoja wa uchaguzi. Fuateni kanuni hiyo hapa, hata pale sheria yetu isipowalazimisha.

USIFANYE: Usigawe posho karibu na siku ya kura. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu chakula na kinywaji kuwa hongo vikitumiwa kumshawishi mpigakura.

USIFANYE: Usibuni mtaala wako. Katiba, Ibara ya 88, imeikabidhi Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) elimu ya mpigakura. Fuata mtaala wa tume hiyo.

USIFANYE: Usipime kazi kwa orodha ya mahudhurio ya semina hotelini. Uliza ni wangapi wameingia kwenye daftari, na wangapi wamerudi barazani mwaka uliofuata.

FANYA: Baki baada ya matokeo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na Katiba ikadai mwingine ndani ya siku 60. Agosti walijitokeza takriban asilimia 79. Oktoba, upinzani ukiwa umesusia, walifika kama asilimia 39. Katika wiki hizo za hofu, mwananchi alihitaji kuelezwa kwa utulivu mahakama imeamua nini na haki zake ni zipi. Mradi uliofungwa Agosti haungeweza kumsaidia.

Kwa hiyo msitie saini mkataba wowote wa ruzuku unaokoma Agosti 2027. Urudisheni mezani, na tarehe ya mwisho isogezwe angalau hadi Desemba 2028.