FUNDISHO LA MWEZI: KUSIMAMA MBELE YA BENDERA

Masomo: Hesabu 2:1-2; Danieli 3; Yeremia 29:7; Matendo 5:29; Warumi 13:1-7



Fundisho hili limetoka katika jambo lililotokea hapa kwetu Sakania. Asubuhi moja kijana wetu mmoja alikuwa akipita na kinga yake wakati bendera ilipokuwa ikipandishwa. Watu wote njiani walisimama, kama desturi ya inchi yetu ilivyo. Yeye akaendelea na safari. Askari mmoja akamkamata, naye akajibu kwamba anasimama mbele ya Mungu peke yake, kama Shadraka, Meshaki na Abednego. Kinga ilibaki kule mpaka feza ilipotoka. Jioni wazee walibishana sana juu yake. Wengine walimsifu kwa imani yake, wengine walimkaripia. Tuseme kweli, hata sisi mashemasi hatukusikilizana, ndiyo sababu tumetafuta katika Maandiko na katika historia yetu.

Tuanze na Danieli 3, kwa sababu kijana alitaja sura ile. Mfalme Nebukadneza aliagiza nini? Aliagiza watu waanguke chini na kuiabudu sanamu, na asiyeabudu atupwe motoni. Wale vijana watatu walikataa kuabudu. Lakini walikuwa wakifanya kazi ya mfalme kila siku, na hawakukataa kumheshimu. Sasa tusome Hesabu 2. Waisraeli jangwani walipiga hema kila mtu chini ya bendera ya kabila lake, tena kwa agizo la Mungu, na Musa hakuiita sanamu. Basi bendera ni alama, nayo inaonyesha mtu ni wa watu gani. Kusimama mbele yake ni kama kusimama mzee anapoingia nyumbani. Hakuna anayesema tumemwabudu mzee.

Lakini alama ya kitu gani? Hapa ndipo sherti tukae kidogo.

Nyota ya bendera yetu ni ya zamani kuliko uhuru. Bendera ya buluu yenye nyota ya manjano ilikuja na watu wa mfalme Léopold II wa Ubelgiji, naye akaifanya bendera ya dola lake la Kongo tangu 1885. Chini ya nyota ile babu zetu walilazimishwa kutafuta mpira porini, na wengi walikatwa mikono. Reli ilipofika hapa Sakania kutoka Ndola mwaka 1909, nyota ile ile ilikuwa upande huu, na bendera ya Waingereza upande ule, nao Walala na Walamba, watu wa ukoo mmoja, wakaambiwa kwamba wao ni watu wa inchi mbili. Na chini ya nyota ile Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akaletwa katika gereza la Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu, akafia kule tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Hakushika mkuki wala bunduki.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipopata uhuru, nyota haikutupwa. Iliongezewa nyota 6 ndogo, kwa majimbo 6. Katika miaka ya 1960 ukaja mstari mwekundu. Mwaka 1971 vyote viliondolewa, ikaja bendera ya kijani ya Zaire, yenye mkono ulioshika mwenge. Sisi wenye kuandika tulisoma shule ya msingi chini ya bendera ile, na mwenge ule ulikuwa alama ya chama cha MPR. Mtoto alipozaliwa alihesabiwa tayari kuwa mtu wa chama, hata kabla ya kubatizwa. Mwaka 1997 buluu na nyota zake zikarudi. Kwa katiba ya tarehe 18 Februari 2006 tukapata ile tunayoiona leo: buluu ya amani, nyekundu ya damu ya waliokufa kwa ajili ya inchi, manjano ya utajiri, na nyota ya mwangaza wa siku zinazokuja. Na tangu 2023 inchi hii yenye nyota inapumzika kila tarehe 6 Aprili kwa kumkumbuka Kimbangu.

Mmeona, wapendwa? Vitambaa vimebadilika mara nyingi, na watu ni wale wale. Nyota iliyokuwa ya mwenye kukata mikono imekuwa ya wajukuu wa waliokatwa. Kwa hiyo tunaposimama asubuhi, hatusimami kwa ajili ya chifu, wala gavana, wala raisi. Wao wanapita. Tunasimama kwa ajili ya wale watu.

Na ndiyo maana mtu anaweza kupinga ubaya wa wakubwa bila kuitukana bendera. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani wakaandamana, wakiomba mkutano mkuu wa taifa ufunguliwe tena. Mikononi walikuwa na Biblia, matawi na rozari. Askari waliwapiga risasi, watu wengi wakafa. Tuulize: siku ile ni nani aliyependa inchi, aliyepiga risasi chini ya mwenge, ama aliyelala njiani na tawi lake?

Lakini kuna namna nyingine, nayo iko karibu sana na sisi Wakatanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi peke yake, na bendera ya nyekundu, kijani na nyeupe, yenye misalaba 3 ya shaba. Mambo yale yaliisha Januari 1963, baada ya vita. Tunajua kwamba kitambaa kile bado kinafichwa katika masanduku ya nyumba nyingine, hata za waamini. Kukumbuka mambo ya wazee si dhambi. Lakini tarehe 23 Machi 2013 watu wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi wakiwa na silaha, wakapandisha bendera ile katikati ya muji, na kabla ya jioni damu ilikuwa imemwagika. Vijana waliokufa siku ile walikuwa na mama zao. Bendera inayotangulia mbele ya bunduki hatuwezi kuibariki, hata kama ina misalaba.

Na kanisa lisijisifu. Wazee wa Mokambo wanakumbuka Walumpa, watu wa nabii Alice Lenshina, waliovuka kutoka Zambia kwa maelfu. Walikataa kushika kadi za chama cha UNIP. Chama kilisema asiye na kadi ni adui wa taifa, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini Walumpa nao walijifungia katika vijiji vyao na kushika mikuki, na hilo lilikuwa kosa vilevile. Katika miezi ya mwaka 1964 watu zaidi ya 700 walikufa. Bendera yenye tai ilipopandishwa Lusaka tarehe 24 Oktoba, Walumpa wengi walikuwa wakijificha porini. Waliimba nyimbo za Mungu kama sisi. Tunapowaza juu yao tunaogopa.

Inabaki habari ya wimbo wa taifa, ambayo vijana wanatuuliza kila mara. Majirani wetu wenyewe hawakusikilizana. Mufulira, ng'ambo tu ya mpaka, mtoto wa Mashahidi wa Yehova alifukuzwa shuleni kwa sababu alikataa kuimba, na mwaka 1967 korti ya Zambia ilisema shule haikukosea. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilihukumu kinyume: mwanafunzi anayenyamaza kwa sababu ya imani yake hakudharau taifa. Sisi tunaimba. Lakini anayenyamaza tusimcheke, wala tusimpeleke mbele ya askari.

Kijana wetu sasa anashuka kwenye kinga, anavua kofia, anasimama. Juu ya ile feza iliyochukuliwa bila karatasi yoyote, yeye bado ana uchungu, na sisi pia. Amesema ataandika barua kwa wakubwa kuuliza ni sheria gani iliyofuatwa. Wazee wawili wamekubali kutia sahihi pamoja naye. Anayetaka kutia jina lake atukute kanisani siku ya tano jioni, baada ya maombi.