TAFSIRI NA TARJUMA: NENO MOJA LA KURANI

Neno "tafsiri" tunalitumia kila siku darasani. Mwalimu akisema tutafsiri kifungu, tunajua ni kukitoa katika Kiingereza na kukitia katika Kiswahili. Lakini neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao tafsir si kuhamisha maneno kutoka lugha hii hadi ile. Kazi hiyo huiita tarjama, nasi tunayo "tarjuma" ila tumeifungia kabatini. Tafsir ni kufafanua: aya hii ina maana gani, na ushahidi ni upi? Hata Mwarabu anayeisoma Kurani kwa lugha ya mama yake anahitaji tafsir. Sisi tumeyatia maneno mawili katika chungu kimoja, na nadhani ndiyo maana wengi hudhani kwamba ukishapata Kurani ya Kiswahili mkononi, basi, maana yote umeipata.

Sitawapa orodha ndefu ya vitabu. Naona heri tuchimbe neno moja.

Muhula uliopita wasichana wa shule jirani walitutembelea kwa mdahalo. Ulipokwisha, watu wakapeana mikono kwa furaha. Wakati wa alasiri ulikuwa umewadia, na rafiki zangu wawili wakaenda kusali. Mmoja ni mtu wa Lamu. Wa pili ni wa Nairobi, babu zake walitoka Punjab. Wa Lamu alirudi mferejini kutia udhu upya, wa Nairobi akanyosha moja kwa moja hadi kwenye mkeka.

"We! Udhu wako umetenguka, si umeshika mkono wa msichana?"

"Umetenguka wapi? Nani kakwambia?"

Ikawa vita vya maneno hadi usiku bwenini, kila mmoja akimwona mwenzake hajui dini. Kumbe wote wawili wanategemea aya ile ile, tena neno lile lile!

Aya yenyewe ni ya 43 katika Sura ya 4, na maneno hayo yanarudi katika Sura ya 5, aya ya 6. Inawahusu watu wasiopata maji, watayamamu kwa udongo safi. Wametajwa wagonjwa, wasafiri, anayetoka chooni, na wale ambao "lamastum" wanawake. Lamasa ni kugusa. Je, ni kugusa kwa mkono, au ni tafsida ya tendo la ndoa?

Tafsida! Hapo sisi wa Kiswahili tuko nyumbani. Wanazuoni waliligombania jambo hili kwa zana zile zile tunazofunzwa katika isimu na fasihi, tena karne nyingi kabla yetu.

Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kijitabu juu ya misingi ya tafsiri, na mwanafunzi wake Ibn Kathir, aliyefariki 1373, akaifuata njia hiyo. Kwanza Kurani ifafanuliwe kwa Kurani, kwani lililofupishwa hapa huenda limeelezwa kule. Usipopata, tazama mwenendo na maneno ya Mtume. Usipopata, tazama Masahaba waliomwona Mtume na kujua aya zilishuka kwa sababu gani. Kisha waje wanafunzi wa Masahaba. Njia inaonekana nyoofu kama reli, lakini hebu ipande uone.

Anayesema ni tafsida atakupeleka Sura ya 19, aya ya 20, ambapo Maryamu anashangaa atapataje mtoto ilhali hajaguswa na mwanamume. Hakuna anayedhani pale panasemwa mkono. Atakujibu wa pili: kitenzi cha pale ni massa, si lamasa. Nenda Sura ya 6, aya ya 7, uone lamasa yenyewe: ni watu wanaogusa maandishi, na mikono imetajwa waziwazi. Wote wawili wamefafanua Kurani kwa Kurani, na bado hawajakutana.

Tuje kwa Mtume. Bi Aisha amesimulia kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume anaposali usiku, na Mtume akitaka kusujudu humgusa miguu ili aikunje. Basi, mkono haukutengua kitu! La, wasema wengine, huenda palikuwa na nguo baina yao. Iko pia hadithi kwamba Mtume alimbusu mmoja wa wakeze akaenda kusali bila udhu mpya, lakini wataalamu wa hadithi walibishana juu ya isnadi yake, yaani mnyororo wa wasimulizi.

Masahaba nao? Ibn Masud na Ibn Umar walishika maana ya kugusa. Ibn Abbas, ambaye wengi humwona bingwa wa tafsiri miongoni mwao, alishika tafsida. Imepokewa kwamba mwanafunzi wake Said bin Jubayr alimjia na habari kwamba watu wamegawanyika: Waarabu wanasema ni tendo la ndoa, na wasio Waarabu wa asili wanasema ni kugusa tu. Ibn Abbas akamwuliza alikuwa upande gani. Akajibu, upande wa wasio Waarabu. Basi mmeshindwa, akaambiwa, kwani Mungu huyasitiri mambo kama hayo kwa neno la adabu. Mimi kisa hiki nakipenda sana. Chaonyesha kwamba kuzijua kamusi ni jambo moja, na kuijua desturi ya wenye lugha ni jingine.

Hata usomaji wa neno si mmoja. Wasomaji wawili wa Kufa, Hamza na al-Kisai, husoma "lamastum" kwa a fupi, wengine huivuta. Wa mkono husema a fupi yawapa nguvu, kwa kuwa ile ndefu yaonyesha kutendana kwa watu wawili.

Sasa mtu afanye nini? Al-Tabari, aliyefia Baghdad mwaka 923, alikusanya kauli za waliotangulia, kila moja na isnadi yake, hata zinazopingana, ndipo akatoa uamuzi wake. Hapa aliamua ni tafsida. Tafsiri ya Jalalayn, iliyoandikwa na Jalal al-Din wawili (al-Mahalli aliifariki mwaka 1459 akaiacha, al-Suyuti akaimaliza), imetanguliza kugusa kwa mkono, ikamtaja Shafii, kisha ikataja kauli ya Ibn Abbas. Vitabu hivi havifichi upande wa pili. Wako pia waliopitia mlango wa balagha kama al-Zamakhshari, na wa falsafa kama al-Razi. Hao wanataka makala yao wenyewe.

Jalalayn imesomeshwa sana katika darsa za pwani yetu, na pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii. Punjab ni nchi ya Hanafi, ambao huona aya inasema tendo la ndoa. Wamaliki wao hutazama kama mguso ulikuwa na matamanio. Kwa hiyo rafiki zangu hawakuwa wakibishana wao. Waliokuwa wakibishana ni Ibn Masud na Ibn Abbas, katika bweni la Kenya! Na huko Makka, katika msongamano wa kuizunguka Kaaba, Mshafii wengi wao huruhusiwa na masheikh kuifuata kauli nyingine, maana bila hivyo udhu haukai.

Turudi kwenye Kiswahili. Kanisa la Anglikana lilimtoa Godfrey Dale, aliyetoa Kurani ya Kiswahili mwaka 1923. Ya Waahmadiyya ilitoka Nairobi 1953. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza ya kwake, mauti yakamkuta mwaka 1947 hajaimaliza. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilikamilika 1969. Kila mmoja alifika kwenye lamastum akalazimika kuchagua. Akiandika "mmewaingilia", amekwisha kuwa Mhanafi. Akiongeza "kwa mikono", amekuwa Mshafii. Bahati nzuri tunalo "kugusa", na Mswahili akisema fulani hajamgusa mkewe, kila mtu anaelewa. Neno letu limebeba maana zote mbili kama la Kiarabu.

Lakini bahati hiyo haipatikani kila mahali. Sura ya 2, aya ya 228, mwanamke aliyeachwa anaambiwa angoje "quru" tatu, na kwa Waarabu neno hilo ni hedhi na pia ni tohara baina ya hedhi mbili. Mwenye kuhesabu tohara husema eda imekwisha hedhi ya tatu inapoanza. Mwenye kuhesabu hedhi husema hadi iishe. Katika siku hizo chache kati yao, mume anaweza kumrejea mkewe au hawezi? Kiswahili hakina neno moja la hedhi na tohara. Mwandishi ataandika moja, na lile jingine alitie kwenye mabano au chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo ambazo wengi wetu huziruka.