Baraza kwa Mistari Kumi na Minne: Tusome Faili la OBJ

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib pale Forodhani iliporomoka. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, zama za Sayyid Barghash. Tangu siku ile nina swali moja la kikompyuta: jengo la Mji Mkongwe tukilipima leo, miaka arobaini ijayo nani ataweza kulifungua faili la vipimo vyake?

Kupima tunaweza. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, SUZA na Benki ya Dunia walianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni. Picha za aina hiyo zikipigwa kwa kupishana, programu huzigeuza kuwa modeli za pande tatu. Suala ni kuzihifadhi vipi.

Mimi napigia debe OBJ. Ilibuniwa miaka ya 1980 na kampuni ya Marekani, Wavefront Technologies. Kampuni ilinunuliwa na Silicon Graphics mwaka 1995 na leo haipo, lakini mafaili yake bado yanafunguka. Sababu ni nyepesi: ni maandishi matupu. Hata Notepad inatosha kuyasoma.

Tujenge baraza ya nje ya nyumba, ile tunayokaa jioni. Urefu mita 3, kimo nusu mita, upana sentimita 60:

# baraza, vipimo kwa mita
v 0 0 0
v 3 0 0
v 3 0 0.6
v 0 0 0.6
v 0 0.5 0
v 3 0.5 0
v 3 0.5 0.6
v 0 0.5 0.6
f 1 2 3 4
f 8 7 6 5
f 4 3 7 8
f 2 1 5 6
f 1 4 8 5
f 3 2 6 7

Basi, ndo hivyo tu. Kila mstari wa v ni ncha moja: urefu, kimo, upana. Kila mstari wa f ni uso mmoja, unaotaja ncha zake kwa namba. Ncha ya kwanza ni 1, si 0, kwa hiyo mliozoea Python muwe macho. Andika, hifadhi kwa jina baraza.obj, fungua kwa Blender, utaiona.

Sasa mitego. Kwanza, zungusha ncha kinyume cha mwendo wa saa, ukiutazama uso kwa nje. Ukigeuza, programu itadhani uso unatazama ndani. Pili, 3 ni 3 tu: OBJ haisemi kama ni mita au futi. Ndiyo maana ya ule mstari wa #, ambao kompyuta huuruka lakini binadamu huusoma. Tatu, rangi hazimo humu. Zinakaa kwenye faili jengine la MTL, na picha za kuta pembeni, kwa hiyo ukimtumia mwenzio tuma vyote.

Mtego wa nne ndio mkubwa kwetu. Kwenye vipimo vya UTM, namba ya kaskazini ya Mji Mkongwe inazidi mita 9,300,000. Programu nyingi za michoro hutunza namba kwa biti 32, na kwa namba kubwa kiasi hicho haziwezi kutofautisha kitu chini ya mita moja. Tarakimu zote zimo kwenye faili, ila programu inazipoteza wakati wa kusoma. Mlango mzima wa nakshi, na misumari yake ya shaba, unageuka mabonge. Dawa yake: toa namba ileile kwenye ncha zote, kisha iandike namba hiyo kwenye mstari wa #. Usipoiandika, jengo litabaki zuri lakini hakuna atakayejua lilisimama mtaa gani.

Gharama ipo. Maandishi hula nafasi kuliko mafaili ya namba za mashine, na modeli ya nyumba nzima inaweza kuwa na ncha mamilioni. Ukibana kwa zip unapata nafuu.

Kwa hiyo, wenzangu mnaofanya miradi ya mwaka wa mwisho: fanyeni kazi kwa programu yoyote mnayoipenda, lakini mkikabidhi, wekeni na nakala ya OBJ. Juu yake andikeni jina la jengo, tarehe ya kupima, kipimo kilichotumika na namba mliyoitoa. Mistari minne tu, kwa Kiswahili, inatosha.